Nani Ameandika? Jina bandia na sheria za mtandao Tanzania

Kuandika kwa lakabu ni desturi ya zamani katika Kiswahili. Katika Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza kutoka mwaka 1923, na katika magazeti yaliyolifuata, washairi walijibizana kwa majina ya kubuni na wasomaji walituma barua bila kujitaja hadharani. Mhariri ndiye aliyewajua, na siri ilikaa kwake. Intaneti iliibadili hali hiyo. Maneno yalichapishwa bila mhariri kuyapitia kwanza, lakini kila aliyeandika aliacha nyuma yake baruapepe na anwani ya kompyuta, kumbukumbu ambazo aliyekuwa na mamlaka angeweza kuzidai.

Waanzilishi wa blogu za Kiswahili, kama Ndesanjo Macha wa Jikomboe, waliandika kwa majina yao. Jina bandia lilipata makao mwaka 2006, Maxence Melo na Mike Mushi walipoanzisha JamboForums, jukwaa lililobadilishwa jina mwaka 2008 kuwa JamiiForums. Humo mtumishi wa wizara aliweza kusimulia mkataba alioutilia shaka bila bosi wake kujua ni nani anayesema. Uvumi ulikuwamo pia, tena mwingi. Jukwaa la namna hiyo haliwezi kuukwepa. Februari 2008, mwezi uleule Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, waendeshaji hao walikamatwa na polisi na jukwaa likazimika kwa siku kadhaa, kisha wakaachiwa na mijadala ikarejea. Wakati huo sheria ya makosa ya mtandao haikuwapo.

Ilikuja mwaka 2015. Bunge liliupitisha muswada wa Sheria ya Makosa ya Mtandao mwezi Aprili, Rais Jakaya Kikwete akausaini mwezi huohuo, na sheria ikaanza kutumika Septemba 1, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Kelele nyingi zilielekezwa kwenye kifungu cha 16, kinachoadhibu taarifa za uongo. Mwaka uliofuata mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa kulipa shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka mitatu kwa maneno aliyoandika Facebook kumhusu Rais John Magufuli. Hata hivyo kifungu kizito zaidi kwa faragha kilikuwa cha 32, ambacho hakikuzungumzwa sana mitaani. Kwa kifungu hicho mkuu wa kituo cha polisi anaweza kumwamuru mtu yeyote mwenye data azitoe kwa ajili ya upelelezi, bila kupitia kwanza kwa hakimu.

Polisi walianza kuitumia amri hiyo kuidai JamiiForums majina ya wanachama wake, wakiwamo walioituhumu kampuni moja ya mafuta kukwepa kodi. Jukwaa lilikataa. Mwaka 2016 kampuni inayoliendesha ilikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 32 na 38 vya sheria hiyo kwa hoja kwamba vinavunja Katiba, ambayo ibara yake ya 16 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Desemba 13 mwaka huohuo Melo alikamatwa, na siku tatu baadaye akapandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa kuzuia upelelezi na kwa kuendesha tovuti isiyotumia kikoa cha .tz. Mashauri yalikwenda kwa miaka, yakiahirishwa mara nyingi. Katika mojawapo aliachiwa huru mwaka 2018. Katika jingine, Aprili 2020, alitiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja.

Kesi zikiendelea, serikali ilipata njia isiyohitaji kumfikisha mtu mahakamani, nayo ni leseni. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za Machi 2018 ziliwataka wenye blogu, redio na televisheni za mtandaoni kujisajili Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, mtu alitakiwa kuwa na shilingi milioni 2.1. Mwenye jukwaa alipaswa kuweza kutambua chanzo cha kila andiko na kuondoa lililokatazwa ndani ya saa 12, muda uliopunguzwa hadi saa mbili katika kanuni za 2020. Hata vibanda vya intaneti viliagizwa kufunga kamera. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Baraza la Habari na wenzao walipata zuio la muda Mahakama Kuu ya Mtwara mwezi Mei, lakini halikudumu hata mwezi. Juni JamiiForums ilijizima yenyewe kwa wiki kadhaa. Waliokuwa na blogu ndogo za mapishi, mashairi na habari za wilaya zao wengi walizifunga moja kwa moja. Ada zilipunguzwa baadaye, mwaka 2021.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, ulifunga mlango mwingine: namba ya simu haikuwa tena na mwenyewe asiyejulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipatikana mwaka 2022 na kuanza kazi Mei 2023. Kwa hiyo kwa karibu miaka minane tangu serikali ipewe nguvu ya kudai taarifa za mwananchi, hapakuwa na sheria mahususi ya kuzilinda.

Wananchi waligeukia VPN, programu zinazoficha mtumiaji yuko wapi mtandaoni, hasa mitandao ya kijamii ilipobanwa katika uchaguzi wa Oktoba 2020, na Oktoba 2023 TCRA ikawataka wanaozitumia wajiandikishe na kueleza sababu. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini. Septemba leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Oktoba 29, siku ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi Novemba 3.