Kasi ya maambukizi mapya ya VVU huhesabiwaje?

Tunaposema hewani kwamba asilimia fulani ya watu wa mkoa wa Songwe wanaishi na VVU, tunawahesabu wote: aliyeambukizwa mwezi uliopita na aliyeambukizwa miaka 15 iliyopita. Hicho ni kiwango cha ushamiri. Dawa za kufubaza VVU zikiokoa maisha ya wengi, kiwango hicho chaweza kupanda huku maambukizi mapya yakishuka.

Ili kupata kasi ya maambukizi mapya, watafiti huchukua watu wasio na VVU na kuwapima tena na tena. Tatizo la mji wa mpakani kama Tunduma ni kwamba watu hawatulii: leo yuko hapa, mwezi ujao amehamia Nakonde au Mbeya. Kwa hiyo hauhesabiwi umati, unahesabiwa muda ambao kila mtu alifuatiliwa akiwa bado hajaambukizwa.

Tuseme wanawake ni 10. Sita wamefuatiliwa miaka 2 bila kuambukizwa: miaka 12. Wawili wamehama baada ya miezi 6: mwaka 1. Mmoja ameambukizwa baada ya nusu mwaka, mwingine baada ya mwaka mmoja na nusu: miaka 2. Jumla ni miaka 15. Gawa maambukizi 2 kwa 15, zidisha kwa 100: ni 13.3 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji. Ukigawa kwa vichwa 10 tu utapata 10 kwa mwaka, kana kwamba waliohama walionekana hadi mwisho. (Siku ya kuambukizwa haijulikani, hivyo mara nyingi huchukuliwa katikati ya kipimo cha mwisho kisicho na VVU na cha kwanza chenye VVU.)

Hesabu hii ilifanyika mkoani Mbeya, Songwe ikiwa bado sehemu yake kabla ya 2016. Wahudumu wa baa 600 wa kike walifuatiliwa kuanzia 2000, wakipata ushauri na matibabu ya magonjwa ya ngono kila baada ya miezi mitatu. Matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha kasi ikishuka kutoka 13.9 hadi 5.0 kwa miaka 100. Huduma huenda zilisaidia. Lakini walio hatarini zaidi huambukizwa mapema na kutoka kwenye hesabu, na hilo pekee laweza kushusha namba.