Ukraine ilipewa beshte, ikadhani ni mdhamini

Ukienda kuomba mkopo kwa sacco, wanataka mdhamini, sio? Anaweka sahihi, na wewe ukikwama, akiba yake ndiyo inakatwa. Sasa linganisha huyo na beshte anayekuambia "usijali, niko na wewe" lakini kalamu hashiki. Wote wanakupenda. Mmoja tu ndiye atalipa.

Shikilia hiyo picha, twende Budapest.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika 1991, Ukraine iliamka ikiwa na vichwa takriban 1,900 vya nyuklia vya masafa marefu kwenye ardhi yake. Hiyo ilikuwa hazina ya tatu kwa ukubwa duniani, mbele ya Uingereza, Ufaransa na China. Nchi changa, pesa hakuna, na bado inauguza kidonda cha Chernobyl ya 1986.

Tarehe 5 Desemba 1994 ikakubali kuachana na zote. Urusi, Marekani na Uingereza zikaweka sahihi kwamba zitaheshimu uhuru wake na mipaka yake, hazitaitishia wala kuivamia, hazitaibana kiuchumi. Kufikia Juni 1996 kichwa cha mwisho kilikuwa kimepelekwa Urusi. Mawaziri wa ulinzi hata walienda kupanda alizeti kwenye kituo kimoja cha makombora. Alizeti, manze. Picha safi kabisa.

Lakini soma ile karatasi polepole. Waukraine walitaka dhamana, na kwa Kiukraine na Kirusi neno lililoandikwa ni hilo hilo, dhamana. Kwa Kiingereza waliandika neno jepesi zaidi, la kumtuliza mtu moyo: tunakuhakikishia. Wamarekani walichagua hilo neno makusudi, kwa sababu dhamana kwao inamaanisha wanajeshi wao watakuja kupigana. Karatasi moja, sahihi zile zile, na kila mtu akaenda nyumbani na maana yake.

Na ukivamiwa je? Kipengele cha msaada kinasema watakimbilia Baraza la Usalama kama silaha za nyuklia zitatumika dhidi yako, au ukitishiwa nazo. Vifaru vya kawaida? Hapo kuna kipengele cha kukaa chini na kushauriana. Mwaka 2014 Urusi ikachukua Crimea. Ukraine ikaitisha hayo mashauriano, Urusi haikukaa mezani. Februari 2022 vita kamili vikaanza, na azimio la kulaani lilipofika Baraza la Usalama, Urusi ikalipiga kura ya turufu. Yaani unaenda kushtaki kwa mzee wa kijiji, unampata mshtakiwa ameketi kwa kile kiti. Kenya ilikuwa kwenye baraza hilo na ilipiga kura ya kuunga mkono azimio. Siku chache kabla, tarehe 21, balozi wetu Martin Kimani alikuwa ametoa ile hotuba ya mipaka ya wakoloni iliyosambaa kila mahali.

Sasa kuna watu mtandaoni wanasema Ukraine ilikuwa mjinga, ingeziweka tu. Mimi sikubali haraka hivyo. Mamlaka ya kurusha yalikuwa Moscow, sio Kyiv. Vichwa vya nyuklia huzeeka, vinataka viwanda na mabilioni kuvitunza. Wangekataa, wangetengwa na Urusi na Marekani kwa pamoja, wakati uchumi uko chini. Na hawakutoka mikono mitupu: walipata mafuta ya nyuklia kwa mitambo yao ya umeme, na pesa za Marekani za kuvunja makombora. Kosa, kama lipo, ni kuuza bila kupata mdhamini wa kweli. Na sioni nani angekubali kuwa mdhamini 1994, kusema ukweli.

Mbona inatuhusu? Kwa sababu sisi pia tunaishi kwa karatasi. Kenya iko kwenye mkataba wa kuzuia kusambaa kwa silaha za nyuklia tangu 1970, na Afrika ina wake, Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo 1996. Una itifaki ambapo mataifa yenye nyuklia yanaahidi kutozitumia dhidi yetu. Marekani iliweka sahihi mwaka huo huo. Seneti yao haijawahi kuiidhinisha.