Taya Linauma, Mbona Hakuna Anayeuliza Tarehe?

Weka kidole mbele tu ya sikio lako, halafu fungua mdomo polepole. Hapo panaposogea ndipo kiungo cha taya kilipo. Wengi wetu hatujui hata kama kipo. Mimi nilikijua nikiwa na miaka 22, jioni moja kando ya barabara, nilipong'ata hindi choma taya likalia "ka!" na kukwama. Sikio likaanza kuuma, kichwa kikafuata.

Shangazi yangu akasema ni minyoo, kwa sababu usiku nasaga meno. Nikanywa dawa ya minyoo. Kliniki ya kwanza wakachungulia sikio, wakasema liko sawa. Ya pili wakataka kuning'oa gego. Ya tatu nikaambiwa, "Wewe binti unafikiria sana, punguza mawazo." Miezi minane baadaye nilikuwa napitia kalenda ya simu ambayo naandika siku zangu za mwezi, nikashtuka. Karibu kila siku niliyokosa kazi kwa ajili ya taya ilikuwa siku mbili tatu kabla ya hedhi, au ile siku ya kwanza yenyewe. Na katika kliniki zote tatu, hakuna aliyeniuliza tarehe.

Nikakasirika, nikaanza kusoma historia ya huu ugonjwa. Kilichonishangaza zaidi ni mji mmoja wa Marekani unaoitwa St. Louis.

Mwaka 1929, katika mji huo, mwanasayansi Edward Doisy alifaulu kutoa homoni ya estrojeni ikiwa safi kabisa. Aliipata kwenye mkojo wa wanawake wajawazito. Miaka mitano tu baadaye, 1934, daktari wa masikio na koo aitwaye James Costen, mji huohuo, akachapisha maelezo ya wagonjwa 11 wenye maumivu ya sikio, kizunguzungu na kichwa. Akasema chanzo ni kiungo cha taya. Kwa miaka mingi ugonjwa huu uliitwa kwa jina lake.

Yaani homoni na taya zilielezwa katika mji mmoja, wakati mmoja, na hakuna aliyeziweka meza moja. Costen alilaumu meno: ukipoteza magego, taya linapanda juu mno na kubana mishipa. Baadaye wataalamu wa anatomia walionyesha kwamba maelezo hayo hayashiki. Lakini wazo kwamba tatizo ni meno lilibaki, na watu wakaendelea kusagwa na kung'olewa meno yao.

Kisha likaja wazo la pili. Mwaka 1969 Daniel Laskin, wa Chicago, akasema chanzo kikubwa ni misuli inayokazwa na msongo wa mawazo. Hakukosea kabisa, ukiwa na presha ya maisha unakaza meno bila kujua. Shida ni jinsi wazo lenyewe lilivyotumika. Waliokuwa wakijaa kliniki hizo walikuwa wanawake zaidi, na mwanamke akishaambiwa "ni mawazo," mazungumzo yamekwisha. Badala ya kuuliza kwa nini ni wanawake, ilionekana kwamba kuwa mwanamke ndilo jibu.

La tatu lilikuwa kisu. Mwaka 1983 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipandikizi cha taya cha kampuni ya Vitek ya Houston, Texas, kilichotengenezwa kwa Teflon, ile unayoijua kwenye sufuria zisizoshika chakula. Maelfu ya watu walipandikizwa, wengi wao wanawake. Kwa uzito wa kutafuna, kile kitu kilivunjikavunjika ndani, mwili ukapigana na vipande, na mfupa ukaliwa. Kuna walioliwa mpaka mfupa wa fuvu. Kampuni ilifilisika 1990. Wagonjwa wenyewe, wakiongozwa na wanawake kama Terrie Cowley, ndio waliopiga kelele mpaka kamati ya Bunge la Marekani ikaitisha kikao mwaka 1992.

Na sasa sikiza hii. Katika jimbo hilohilo la Texas, mwaka 1986, vipandikizi vikiwa bado vinauzwa, watafiti waliripoti kwamba kiungo cha taya cha nyani jike kina vipokezi vya estrojeni. Maana yake taya husikia homoni. Dalili ilikuwa pale.

Aliyeuliza swali vizuri ni Linda LeResche na wenzake, huko Seattle. Mwaka 1997 walionyesha kwamba wanawake waliotumia estrojeni baada ya hedhi kukoma walikuwa na uwezekano wa kuugua taya uliozidi kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2003 wakafuatilia wanawake siku kwa siku: maumivu yalipanda kuelekea hedhi na kufika kilele siku za mwanzo za damu. Mwaka 2005 wakaona kwamba ujauzito ukikua, maumivu hupungua, halafu hurudi baada ya kujifungua. Ona, si kwamba homoni nyingi ni mbaya tu; kushuka na kubadilika ghafla kwa homoni pia kuna uzito wake.

Kutoka 1929 mpaka 1997 ni miaka 68.

Sisemi homoni ndizo kila kitu. Ajali, kusaga meno, kulala vibaya, vyote vimo. Wala sisemi utupe vidonge vyako vya kupanga uzazi. Hilo uongee na daktari kwanza. Ninachosema ni kwamba wanawake waliharibiwa meno na mifupa kwa sababu swali rahisi lilionekana halina maana.

Mimi siku hizi, wiki ya hatari nakula uji na viazi vya kupondwa, naweka kitambaa cha moto, miwa naiacha. Usiku navaa kifaa cha meno. Na nilipoenda kliniki ya nne nilibeba kalenda yangu ya miezi minane, nikaiweka mezani kabla sijakaa. Daktari aliitazama kimya, akavuta kalamu, akaanza kuandika. Dada yangu, kama taya linakusumbua, anza kuandika tarehe leo. Usingoje waulize.