Maneno ya Jicho

Ukikaa na wazee wenzangu hapa Musoma, au ukipita Bunda na Butiama, utasikia kwamba siku hizi macho hutibiwa kwa leza kwa dakika chache tu, na aliyekuwa akipapasa njia anarudi nyumbani akisoma gazeti. Habari hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini mzee mwenye mtoto wa jicho akiisikia, huanza kuwaza kuuza ng'ombe wawili ili afuate tiba isiyo ya ugonjwa wake. Hatuna sababu ya kumlaumu. Tatizo limo katika maneno, nayo maneno haya yana historia yake.

Tuanze na konea, kile kioo cha mbele ya jicho, maana ndicho kinachochongwa. Asili ya jina hilo ni neno la Kilatini lenye maana ya pembe. Sisi wa nchi ya ng'ombe hatuna haja ya kushangaa: pembe ikikwanguliwa hadi ikawa nyembamba hupitisha mwanga, na zamani huko Ulaya vipande vyake viliwekwa kwenye kandili badala ya kioo. Nyuma ya konea iko mboni, ambayo ni tundu tu. Waingereza huiita kwa neno lile lile wanalomwitia mwanafunzi, jambo lililowachekesha wanachuo wangu wa ualimu kila mwaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari José Ignacio Barraquer wa Bogotá, nchini Kolombia, alianza kazi ya kubadili umbo la konea ili mtu aone bila miwani. Alikata kipande chake, akakigandisha kwa baridi, akakichonga kwa mashine kama seremala achongavyo mguu wa meza, kisha akakirudisha. Upasuaji huo aliupa jina la Kigiriki, yaani kuchonga konea. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Mwaka 1981 Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa India, pamoja na wenzake wawili wa kampuni ya IBM, walielekeza leza ya aina ya eksaima kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, wakaona inakata nyama bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983 Srinivasan na daktari Stephen Trokel wakatangaza matokeo ya majaribio kama hayo katika macho ya ng'ombe. Ng'ombe tena!

Karibu na mwaka 1990 Ioannis Pallikaris wa Krete aliunganisha kazi hizo mbili. Kifuniko chembamba cha konea hukatwa na kuinuliwa, leza hukwangua chini yake, kisha kifuniko hurudishwa. Hiyo ndiyo lasiki. Iko pia njia isiyo na kifuniko, ambapo ngozi ya juu ya konea huondolewa kwanza, na kupona kwake huchukua siku kadhaa za maumivu.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Konea yake ni safi. Kilichoingia ukungu ni lenzi, iliyo nyuma ya mboni. Kumchonga konea ni kama kufuta kioo cha dirisha hali moshi umo ndani ya nyumba. Dawa yake ni kuitoa lenzi hiyo na kuweka ya plastiki, kazi aliyoianza Harold Ridley mjini London mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita vilikaa humo bila madhara makubwa. Upasuaji huo hufanywa humu humu nchini, wala hauitwi lasiki.

Liko na jambo la vijana. Mwalimu wa miaka 25 asiyeona mbali anaweza kufanyiwa lasiki na kuiweka miwani kabatini. Lakini lenzi hukakamaa kwa umri, na konea iliyochongwa haiizuii. Akipita miaka 40 au 45 ataanza kusogeza daftari mbali na uso kama sisi, na miwani ya kusomea ataihitaji vilevile.