Utambuano: jina la haki ya mhasibu anayevuka mpaka

Tafsiri ya mutual recognition kuwa “utambuzi wa pamoja” imeanza kuota mizizi. Nimeiona katika vipeperushi vinavyowahimiza wahasibu vijana watafute kazi Nairobi, Kigali au Kampala, nimeisikia katika semina, na sasa naikuta ndani ya rasimu za kanuni, mahali ambapo neno lisilo sahihi humpotezea mtu haki yake. Wanaoitumia wanakusudia lile jambo ambalo kila mwenye CPA, sifa ya mhasibu aliyethibitishwa, analijua: bodi ya nchi moja kuikubali sifa iliyotolewa na bodi ya nchi nyingine, nayo hiyo nyingine kurudisha kibali kilekile. Sina haja ya kulieleza zaidi. Ninachotaka ni liitwe kwa jina lake, nalo ni utambuano.

Nianze na “pamoja”, maana ndilo linalobeba kosa. Neno hili ni zao la ngeli ya mahali: pa- ya mahali ikiungana na moja. Mahali pamoja. Lilikuwa la mahali kabla halijawa la hali, na maana ya mahali haijalitoka hadi leo. Watu wakimiliki shamba kwa pamoja, shamba ni moja. Wakifungua akaunti ya pamoja, akaunti ni moja hata kama saini ni mbili. Sasa isome tena ile kauli: “utambuzi wa pamoja wa sifa za wahasibu”. Msomaji aliyelelewa na Kiswahili ataelewa kwamba bodi za Afrika Mashariki zimeketi meza moja, zikamtazama mhasibu, zikamtambua kwa kauli moja, na kwamba kuanzia hapo jina lake limo katika daftari moja la ukanda mzima.

Daftari hilo halipo. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ya Tanzania, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina daftari lake. ICPAK ya Kenya ina lake tangu 1978, ICPAU ya Uganda ina lake tangu 1992, na Rwanda na Burundi zina vyombo vyao. Mkataba ambao vyombo vya wahasibu wa ukanda huu vilitia saini mwaka 2011 haukuyaunganisha madaftari hayo. Kila moja limebaki kwao, na mwenye sifa anayehama bado anaomba kuandikwa upya aendako. Kwa hiyo “pamoja” linaahidi kitu ambacho hakuna aliyekitia saini.

Kiswahili hakikulala njaa katika jambo hili. Kina kauli ya kutendana, kile kiambishi kidogo -an- ambacho lugha nyingi zingetamani kuwa nacho. Bodi mbili zikitambua pamoja, zote ziko upande mmoja na anayetambuliwa yuko upande wa pili. Bodi zikitambuana, kila moja ni mtenda na kila moja ni mtendwa. Hiyo ndiyo dhana yenyewe, imo yote ndani ya kitenzi, haidai neno la kuisaidia. Na njia ya kutoka kitenzi cha kutendana kwenda nomino tunayo zamani: kushirikiana kumetupa ushirikiano, kuhusiana kumetupa uhusiano, kuelewana kumetupa uelewano, kutangamana kumetupa utangamano, na ni utangamano huohuo wa Afrika Mashariki unaodai utambuano uwepo. Ni familia moja ya maneno. Sijaunda kiumbe kigeni. Nimefuata njia ambayo mzungumzaji yeyote angeifuata bila kuagizwa.

Tukitazama nje, hoja inapata nguvu zaidi. Wazo hili lilikomaa katika sheria za Ulaya, na halikuanzia kwa wahasibu bali kwenye kileo. Tarehe 20 Februari 1979 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua shauri la Cassis de Dijon, kileo cha Ufaransa kilichozuiwa kuuzwa Ujerumani kwa sababu kilevi chake hakikufika asilimia 25 iliyodaiwa na sheria ya Kijerumani. Mahakama ilisema, kwa kifupi, kwamba bidhaa iliyotengenezwa na kuuzwa kihalali katika nchi mwanachama isikataliwe na nyingine bila sababu nzito. Wafaransa wanaiita kanuni hiyo reconnaissance mutuelle, na ndivyo wanavyoisoma wenzetu wa Bujumbura na Kinshasa. Mzizi wa neno la pili ni Kilatini mutuus, lenye undugu na kitenzi cha kubadili. Katika sheria ya Kirumi mutuum ni mkopo: nakupa fedha, unanirudishia ya aina ileile na kiasi kilekile. Wazo la kutoa na kurudishiwa limo ndani ya neno tangu Roma. Watu wa fedha walipaswa kuwa wa kwanza kulitambua. Badala yake tumeletewa “pamoja”, ambalo halina kutoa wala kurudisha.

Nimeambiwa kwamba kutambuana ni kwa ndugu waliopoteana, na kwa hiyo neno langu litawachekesha watu. Hoja hiyo naikataa kwa dhati. Ndugu wanaotambuana hufanya jambo zito: kila mmoja anamkubali mwenzake kuwa na haki katika ukoo, ya kukaa, ya kula, ya kurithi. Bodi zinazotambuana hufanya jambo lilelile katika taaluma. Ikiwa neno lina kumbukumbu ya ukoo, kumbukumbu hiyo inafaa. Kinachopaswa kutia shaka ni “utambuzi” wenyewe, ambao hospitali wameuchukua kwa utambuzi wa ugonjwa, polisi kwa utambuzi wa mshukiwa, na wanasaikolojia kwa shughuli nzima ya akili. Neno lililokwisha kuajiriwa sehemu tatu linaongezewa ya nne bila kuulizwa.

Kamati moja ilipokea pendekezo langu likiwa na maelezo kamili, ikalijibu kwa neno moja: halijazoeleka. Nakiri kwamba jibu hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu si jibu la mtu wa istilahi. Istilahi huzoeleka baada ya kutumiwa, na hutumiwa baada ya kupitishwa. Ubinafsishaji ulizoeleka lini kabla ya miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa? Watu walilipokea kwa sababu lilitumiwa magazetini, bungeni na redioni, wala hakuna aliyesubiri lizoeleke kwanza. Wajumbe haohao waliona vyema kupitisha “uhamishikaji wa sifa” kwa dhana jirani, neno lenye viambishi vinavyokanyagana, linalomfanya mhasibu aonekane kama kabati linalosubiri lori. Sifa haihamishwi. Mtu ndiye anayehama, na sifa yake inatambuliwa afikako.

Kwa nini nashikilia jambo hili kiasi hiki? Kwa sababu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imewafungulia wengi mlango, na wanaoingia wanaingia na neno walilopewa. (Soko lile ni la pamoja kweli, hapo neno liko mahali pake.) Nimekutana na vijana waliokubali ajira ng'ambo ya mpaka wakiamini kwamba CPA yao “imetambuliwa kwa pamoja”, kisha wakaambiwa walete barua ya bodi ya kwao inayothibitisha kuwa ni wanachama hai, waombe usajili mpya, na wajifunze kodi na sheria ya kampuni za huko. Walijiona wametapeliwa. Hakuna aliyewatapeli isipokuwa tafsiri. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha vinafanana, kwani Kenya ilivipokea mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, hivyo mizania ya Mombasa inasomeka Tanga bila shida. Kodi haifanani. Ndiyo maana kila bodi imebaki na daftari lake, na ndiyo maana ya kutambuana badala ya kuungana.

Jambo litakuwa gumu zaidi kwa Kongo. Nchi hiyo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 ikiwa tayari mwanachama, tangu 2012, wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazooanisha sheria zao za biashara, na wahasibu wake wanatunza vitabu kwa mfumo wa SYSCOHADA, wenye orodha yake ya akaunti zilizopewa namba na sheria. Mhasibu wa Lubumbashi na mwenzake wa Mbeya wanaweza kuzungumza Kiswahili siku nzima na bado wasielewane juu ya ukurasa mmoja wa leja. Kati yao hakuna utambuzi wa pamoja unaowezekana kwa sasa. Utambuano unawezekana, kwa masharti, kila upande ukisema unakubali nini cha mwenzake na unadai nyongeza gani.

Tena utambuano una sifa nyingine ambayo “pamoja” haiwezi kuibeba: unavunjika upande mmoja unapojitoa. Kampuni za fedha za London zilikuwa zikihudumia wateja wa Umoja wa Ulaya kwa idhini ya Uingereza tu, hadi kipindi cha mpito kilipokwisha tarehe 31 Desemba 2020. Haki hiyo ilikoma, na watu wa benki wakahamishiwa Dublin, Frankfurt, Paris na Luxembourg. Hakuna aliyepungukiwa na elimu usiku ule. Kilichoondoka ni ule uhusiano wa pande mbili, na lugha inayotaka kueleza kuondoka kwake lazima iwe na neno lenye pande mbili.

Matumizi ni mepesi. Mkataba ni wa utambuano, bodi zinatambuana, sifa inatambuliwa, mtu anasajiliwa. Mhasibu hatambuani na bodi, kwa kuwa yeye hana mamlaka ya kuitambua. Kibali cha kazi na kibali cha ukaazi ni mambo ya serikali, si ya bodi, na visiitwe utambuano hata kwa bahati mbaya: anayehamia Dar es Salaam akiwa si raia atavihitaji vyote viwili hata kama NBAA imekwisha kumwandika.