Lugha Iliyorudi Nyumbani

Mtoto hunyonya lugha pamoja na maziwa ya mama. Hayo yathibitishwa na historia ya Wazigua waliopelekwa ng'ambo.

Yapata miaka ya 1830, njaa kali iliikumba nchi yao, bara ya Pangani na Sadani. Wengi, wakiahidiwa chakula na kazi, walipanda majahazi, wakajikuta wameuzwa utumwani katika pwani ya Somalia. Baadaye baadhi yao walitoroka, wakiongozwa, kwa masimulizi yao, na mwanamke aitwaye Wanakhucha, wakafanya makao katika misitu ya Mto Juba. Huko sokoni walisema Kisomali. Lakini shambani na jikoni wazee waliwasemesha watoto Kizigua, kizazi baada ya kizazi.

Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walikimbilia Tanzania. Wenyeji wa Handeni walipowasikia wakisema, waliwatambua kuwa ni ndugu. Walipewa ardhi Chogo, mkoani Tanga, na baadaye uraia.

Leo wajukuu wao husoma kwa Kiswahili, lugha ya taifa, na hiyo ni haki yao. Lakini lugha iliyostahimili utumwa isije ikafia nyumbani. Kiswahili kina shule. Kizigua hakina mwalimu ila mzazi.