Ubani Umo, Fukizo Linasikika

Mwaka 2002 kampuni ya Comme des Garçons ilitoa manukato matano chini ya kichwa kimoja, Incense, kila moja likiwa na jina la mahali panapohusishwa na ibada fulani: Avignon, Zagorsk, Ouarzazate, Jaisalmer na Kyoto. Ni manukato ya aina ambayo wafanyabiashara wake huiita niche, yaani ya wateja wachache. Hayalengi kumpendeza kila mpita njia, na mara nyingi hujengwa juu ya malighafi moja inayoachwa isikike waziwazi. Anayetaka kuyaeleza kwa Kiswahili hukwama kwenye kile kichwa. Kwa Kiingereza, incense ni chochote kinachochomwa ili kinukie. Kwa Kifaransa, encens ni utomvu wa mti fulani na papo hapo ni chochote kinachofukizwa. Mafundi wa manukato waliona utata huo, wakakirudia Kilatini na kuuita utomvu wenyewe olibanum. Sisi tunayo maneno ya kutosha, ila tunayachanganya. Ninachodai ni kwamba istilahi moja ya kigeni, incense, inabeba mambo mawili, na Kiswahili kiyatenge: ubani ni kitu kilichomo ndani ya chupa, fukizo ni harufu ya moshi ambayo fundi anaiigiza.

Tuanze na kilichomo. Ubani ni utomvu wa miti ya jenasi ya Boswellia. Boswellia sacra huota Dhofar, kusini mwa Oman, na pia Yemen na Somalia. Boswellia papyrifera ni ya Ethiopia na Sudan. Kaskazini mwa Kenya hukusanywa ule wa Boswellia neglecta. Mvunaji huchanja gome, utomvu mweupe ukachuruzika, na baada ya siku kadhaa hukauka ukawa matone magumu. Ndani ya tone hilo mna gundi inayoyeyuka katika maji, utomvu mzito unaoyeyuka katika spiriti, na mafuta mepesi ambayo kwa kawaida hayafiki hata asilimia 10. Ukiukeneka ubani kwa mvuke, utakachopata ni hayo mafuta mepesi. Katika Boswellia sacra mara nyingi hutawaliwa na alfa-pinini, ileile ya tapentaini ya misonobari, pamoja na limonini, iliyojaa katika maganda ya machungwa. Dondoshea kidogo kwenye kipande cha karatasi. Dakika za kwanza utasikia ndimu, msonobari, na mguso wa pilipili manga. Moshi haumo hata chembe. Sasa chukua punje ya ubani huohuo uiweke juu ya kaa la moto katika chetezo: inalainika, inatoa mapovu, moshi mweupe unapanda. Mafuta mepesi hutangulia kuondoka, kisha utomvu mzito ambao mvuke haukuweza kuubeba huvunjwavunjwa na joto, na mwisho gundi huungua na kuacha ukali wa sukari iliyoshika sufuria. Huo ukali wa mwisho haupatikani kwa kukeneka.

Mkosoaji makini anaweza kusema kwamba mpaka huu si imara kama ninavyoudai. Mwaka 2016 kundi la wakemia la Nicolas Baldovini, huko Nice, Ufaransa, lilitangaza kwamba limezitambua asidi mbili, zilizopewa jina la asidi za olibani, ambazo ndizo hasa huupa ubani ile harufu nzito ya kanisa la kale. Asidi hizo zimo katika utomvu ambao haujaguswa na moto. Basi kama kanisa limo tayari ndani ya tone, fukizo ni la nini? Pingamizi hili ni zuri, lakini linaonyesha kitu kingine. Lililogunduliwa ni sababu ya harufu inayobaki kwenye karatasi baada ya ndimu kupotea, yaani ule ubani unaokaa, kama wauza marashi wanavyosema. Haukugunduliwa moshi. Na fundi anayetaka moshi hutafuta kwingine.

Bertrand Duchaufour, aliyeitunga Avignon, hakuutegemea ubani peke yake. Ndani yake mna pia elemi, utomvu wa mti wa Ufilipino ulio wa ukoo mmoja na Boswellia, pamoja na kamomili, pachuli na vanila. Mafundi wengine hutia lami ya miti iliyounguzwa. Katika Avignon unachosikia ni kanisa la mawe baada ya misa, ilhali hakuna kilichochomwa. Linganisha na Gold ya Amouage, kampuni iliyoanzishwa Oman mwaka 1983 kwa amri ya Sultani Qaboos. Ndani yake mna ubani, lakini umezungukwa na waridi na yasmini, na hakuna atakayefikiria chetezo. Avignon ni fukizo lenye ubani. Gold ina ubani bila fukizo. Anayetumia neno moja kwa yote mawili amemnyima mnunuzi jambo hasa alilotaka kulijua.

Wapo watakaouliza kwa nini nisitumie uvumba, neno ambalo Wakristo wengi wanalijua kutokana na zawadi za Mamajusi. Ni kwa sababu uvumba umeshikamana na altare, na kinachochomwa kanisani mara nyingi ni mchanganyiko wa utomvu wa miti mbalimbali. Kwa Avignon lingefaa. Kwa Ouarzazate na Kyoto tungekuwa tunayabatiza manukato bila ridhaa yao. Udi nao ni mti wa Aquilaria, ingawa siku hizi madukani kila chenye moshi huitwa udi. Wengine watasema ubani unakumbusha matanga, maana ndilo jina la pesa wanazopewa wafiwa. Kweli, lakini maana hizo mbili zimekaa pamoja bila kugombana, na sijasikia mtu aliyejipulizia rambirambi shingoni. Olibanamu ndilo pendekezo dhaifu kuliko yote. Jina hilo lina nasaba na lubān ya Kiarabu, iliyotupa ubani. Tungekuwa tunaagiza kutoka Ulaya kitu kilichotufikia zamani kwa jahazi. Orodha ya viambato ikihitaji usahihi wa kisayansi, jina la Kilatini la mti linatosha.

Limebaki neno noti, yaani harufu moja kati ya zinazounda manukato, ambalo ulimwengu wa manukato uliliazima kwenye muziki. Silipingi sana, kwani Waswahili nao husikia harufu, ila noti kwa wengi wetu ni pesa kwanza. Basi badala ya noti, maelezo ya Gold yaandikwe “harufu ya ubani”, ya Avignon “harufu ya fukizo”, na kichupa cha mafuta yaliyokenekwa kiandikwe “mafuta ya ubani” tu, hata kama muuzaji angependa sana kuchora chetezo kinachofuka moshi kwenye lebo.